Maswali na majibu: Vladimír Coufal, namba mbili aliyepanda ngazi moja moja

Safari hii maswali mengi yamemhusu mtu mmoja, Vladimír Coufal, beki wa kulia wa Jamhuri ya Cheki aliyecheza West Ham United kwa misimu mitano kabla ya kuhamia Ujerumani. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

Alifika Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na miaka 28. Siku zote hizo alikuwa wapi?

Alikuwa anacheza, tena kila wiki. Coufal alizaliwa tarehe 22 Agosti 1992 Ostrava, mji wa makaa ya mawe na chuma kaskazini-mashariki mwa Cheki, karibu na mpaka wa Poland. Klabu kubwa ya mji ule ni Baník, lakini soka lake la wakubwa lilianzia kwa majirani wadogo: Hlučín kwanza, kisha Opava, timu iliyokuwa daraja la pili. Huko beki kijana hukabana na washambuliaji waliokula chumvi nyingi, wanaojua kukuvuta jezi mwamuzi akiwa amegeuka, na uwanja wa Novemba ni tope tupu. Alikaa Opava miaka kadhaa.

Mwaka 2015 akawa Slovan Liberec, daraja la kwanza. Vuli ya mwaka huo Liberec ilikuwa Ligi ya Europa, kundi moja na Marseille, Braga na Groningen, na iliifunga Marseille 1-0 kwao Ufaransa. Msimu uliofuata ikarudi kwenye makundi, mara hii na Fiorentina, PAOK na Qarabağ. Katikati ya 2018 akasajiliwa na Slavia Praha. Huko alichukua ubingwa wa ligi mara mbili mfululizo, 2019 na 2020, na Kombe la Cheki 2019. West Ham walimchukua tarehe 2 Oktoba 2020, siku mbili tu baada ya Slavia kutolewa na Midtjylland kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa kwa kipigo cha 4-1.

Wengi walioandika walitumia neno “alichelewa”. Hatukubaliani nalo. Tazama ngazi zenyewe: daraja la pili, timu ya kati ya daraja la kwanza, bingwa wa nchi, ndipo Uingereza. Kila alipopanda, alikuwa ameshacheza mechi za kutosha pale alipotoka. Kijana wa miaka 19 anayeruka ngazi mbili kwa pamoja mara nyingi huishia benchi au kwa mkopo, na beki asiyecheza hapungukiwi pumzi peke yake. Anapoteza kipimo cha umbali kati yake na winga, na kipimo hicho hakipatikani mazoezini.

Jina lake linatamkwaje? Kila mtangazaji ana lake.

Herufi C ya Kicheki hutamkwa “ts”, kwa hiyo ni Tsou-fal, si Kaufal wala Kufal. Mkazo wa Kicheki huangukia silabi ya kwanza. Kwa jina la silabi mbili hapo ni palepale ambapo Kiswahili nacho huweka mkazo, hivyo Mswahili hana kisingizio. Mwenzake wa West Ham na timu ya taifa, kiungo Tomáš Souček, ni “Sou-chek”.

Kocha Trpišovský anatajwa sana ukizungumzwa mafanikio ya Coufal. Alimpa nini hasa?

Jindřich Trpišovský alikuwa kocha wa Liberec kuanzia 2015 hadi 2017. Desemba 2017 akaenda Slavia, na kiangazi kilichofuata Coufal akamfuata. Tomáš Souček naye alipita Liberec kwa mkopo mwanzoni mwa 2017. Kwa hiyo kocha na wachezaji hawa wawili walikuwa wanajuana kabla ya mataji.

Alichompa ni namna ya kukaba. Timu nyingi hukaba eneo: beki wa kulia analinda kipande chake cha uwanja na kumpokea yeyote anayeingia. Slavia ya Trpišovský hukaba mtu kwa mtu, uwanja mzima. Beki wa kulia hapewi kipande cha nyasi, anapewa mtu. Mtu wake akishuka hadi nusu ya pili ya uwanja kuchukua mpira, anamfuata hadi huko. Mpira ukiwa hewani kuelekea kwa mtu huyo, beki anapaswa kuwa ameshaondoka, ili mpira unapotua yeye awe umbali wa mkono. Akifika mapema mno, winga atampitisha kwa mguso mmoja. Akichelewa, winga ameshageuka na ngome yote iko wazi.

Mfumo huu una magonjwa matatu. La kwanza, ukipigwa chenga hakuna aliye nyuma yako, maana kila mwenzako ana mtu wake. La pili, wapinzani wakibadilishana nafasi kwa makusudi, mabeki wawili husita kuulizana nani amchukue nani, na nusu sekunde hiyo ndiyo bao. La tatu ni miguu: baada ya dakika ya 70 hakuna anayeweza kukimbia hivyo bila kupunguza kasi, ndiyo maana Slavia hutegemea sana wachezaji wa akiba.

Ushahidi wa pande zote upo. Tarehe 18 Aprili 2019, robo fainali ya Ligi ya Europa, Chelsea waliifunga Slavia mabao manne ndani ya dakika 27 pale Stamford Bridge kwa kutumia nafasi zilizoachwa nyuma ya mabeki. Slavia hawakubadili imani yao, wakamaliza mechi 4-3. Raundi iliyotangulia walikuwa wameitoa Sevilla, 2-2 kule Hispania na 4-3 Praha baada ya muda wa nyongeza. Na Februari mwaka uleule waliichapa Genk, timu aliyokuwa akiichezea Mbwana Samatta wetu, 4-1 nchini Ubelgiji baada ya suluhu Praha.

Msimu wa 2019-20 wakaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa na Barcelona, Inter na Dortmund. Walipata pointi mbili tu, lakini zilipatikana wapi: 1-1 kwa Inter jijini Milan na 0-0 Camp Nou. Baada ya mechi hizo majina ya Wacheki hawa yalianza kuzunguka Uingereza.

Nafundisha vijana wa miaka 15. Nawezaje kuwafundisha krosi kama zake?

Kwanza elewa krosi yake ni ya aina gani. Coufal si beki wa kumpiga mtu chenga kisha akatulia. Mara nyingi hupiga mapema, beki akiwa bado mbele yake, anachohitaji ni upenyo wa kama nusu mita pembeni. Mpira wake huenda kwa kasi, usawa wa kichwa, kwenye ukanda kati ya kisanduku kidogo na alama ya penalti, yaani kati ya mita 5.5 na 11 kutoka golini. Hapo kipa anaogopa kutoka na beki anakimbia akitazama goli lake mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 18 Oktoba 2020 dhidi ya Tottenham: West Ham wako nyuma 3-0, wakarudi hadi 3-3, na bao la pili lilikuwa krosi ya Coufal ambayo Davinson Sánchez aliitumbukiza wavuni kwake mwenyewe. Ndivyo pia tarehe 14 Juni 2021, Hampden Park, Glasgow, kwenye Euro: dakika ya 42 krosi yake kutoka kulia ilimkuta Patrik Schick hewani kati ya mabeki wa Scotland. Dunia inakumbuka bao la pili la Schick siku ile, lile la kutoka karibu na mstari wa kati. Kwa mwalimu wa mabeki, la kwanza lina faida zaidi.

Mafunzo yapange hivi. Weka koni mahali pa beki mpinzani, mita 2 mbele ya mpiga krosi. Kijana aangalie kisanduku kabla mpira haujamfikia, si baada, kwa sababu akishapokea macho yake yatakuwa chini. Mguso wa kwanza uusogeze mpira mbele na nje kidogo, kama mita moja, ili hatua ifuatayo iwe ya kupiga. Mguu wa kusimamia ukae sambamba na mpira, vidole vikielekea kisandukuni. Piga kwa sehemu ya ndani ya juu ya mguu, kifua kikiwa juu ya mpira. Waanzie krosi 6, wapumzike dakika moja na nusu, warudie mara 4. Zikizidi 30 kwa siku mapaja ya watoto huchoka na wanaanza kujifunza makosa.

Makosa yenyewe utayajua kwa kuangalia mpira ulipoishia. Ukipaa na kutua mikononi mwa kipa, mwili uliegemea nyuma. Ukimgonga beki wa kwanza, mguso wa kwanza haukutoka nje vya kutosha. Ukipita nyuma ya kila mtu, mguu wa kusimamia ulielekea kibendera cha kona. Na kama krosi ni nzuri lakini hakuna mtu, usimlaumu mpiga krosi. West Ham walikuwa na Michail Antonio akishambulia nguzo ya karibu na Souček, mtu wa mita 1.92, akichelewa makusudi nyuma yake. Souček alifunga mabao 10 ya ligi msimu ule wa 2020-21.

Kuna jambo la mwisho ambalo walimu husahau. Mbele ya Coufal alicheza Jarrod Bowen, winga wa kulia anayetumia mguu wa kushoto. Bowen akikata kuingia ndani, beki wa kushoto wa wapinzani huvutwa naye, na njia ya pembeni hubaki wazi kwa Coufal anayekuja kwa nje. Ukimpa beki wako winga anayeshikilia chaki ya pembeni muda wote, watagongana njiani. Na beki wa kulia akipanda, wa kushoto abaki. Wote wawili wakipanda mmeachia mabeki wa kati uwanja mzima.

Ni kweli alichukua kombe la Ulaya kwenye uwanja wake wa zamani?

Kweli. Fainali ya Europa Conference League ya tarehe 7 Juni 2023 ilichezwa Praha, Eden, uwanja wa Slavia alikocheza miaka miwili. West Ham waliifunga Fiorentina 2-1: penalti ya Saïd Benrahma dakika ya 62, Giacomo Bonaventura akasawazisha dakika ya 67, na Bowen akamaliza dakika ya 90 kwa pasi ya Lucas Paquetá. Coufal na Souček wote walianza. Lilikuwa kombe kubwa la kwanza la West Ham tangu Kombe la FA la 1980. Mwaka mmoja kabla yake waliishia nusu fainali ya Ligi ya Europa mbele ya Eintracht Frankfurt.

Kutoka Lubumbashi: sisi tunamfahamu kwa sababu ya ndugu zetu. Alicheza na Wakongo wangapi pale West Ham?

Wawili mnaowajua. Arthur Masuaku, mzaliwa wa Lille, Ufaransa, aliyechagua Leopards, timu ya taifa ya Kongo, ndiye aliyekuwa upande wa kushoto siku Coufal anacheza mechi yake ya kwanza, tarehe 4 Oktoba 2020 kwa Leicester. West Ham walicheza na mabeki watano nyuma, Masuaku akipanda kushoto na Coufal kulia, wakashinda 3-0 ugenini. Wa pili ni Aaron Wan-Bissaka, aliyenunuliwa kutoka Manchester United Agosti 2024 na kuhamia rasmi timu ya taifa ya Kongo mwaka 2025. Huyu ndiye aliyempunguzia Coufal dakika.

Tofauti yao inaeleza mengi kuhusu kazi ya namba mbili. Wan-Bissaka ni bingwa wa mtu mmoja kwa mmoja. Humwacha winga adhani amepita, kisha mguu mrefu unaufuata mpira chini. Coufal hutaka winga asigeuke kabisa, amzuie mapema. Wa kwanza anafaa timu inayojilinda karibu na goli lake, wa pili anafaa timu inayokwenda kukaba juu. Jezi ya Coufal pale ilikuwa namba 5, jambo lililowachanganya wengine, lakini kazi yake ilikuwa namba mbili tangu siku ya kwanza.

Mchezaji akiuzwa hivi, klabu ndogo zilizomlea hupata chochote? Tuna akademi yetu Kisumu.

Swali hili tunalijibu kwa urefu, maana akademi nyingi za kwetu hupoteza haki yake kwa kutojua.

FIFA ina mchango wa mshikamano. Mchezaji akihama kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ada kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hiyo hukatwa na kugawiwa klabu zote zilizomsajili tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi mwaka aliotimiza 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada. Kila mwaka wa 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Minne ya kwanza inatoa asilimia 1, minane inayofuata asilimia 4. Klabu inayouza ndiyo inayopungukiwa: inapata asilimia 95.

Chukua ada ya Coufal iliyotajwa na vyombo vya habari vya Uingereza, pauni milioni 5.4. Asilimia 5 ni pauni 270,000. Kila mwaka wa utoto una pauni 13,500, na kila mwaka kuanzia 16 una pauni 27,000. Kwa mtu aliyezaliwa 1992, miaka inayohesabiwa ni 2004 hadi 2015, yaani kipindi chake cha timu ndogo karibu chote kimo ndani. Klabu ya daraja la pili iliyokaa na mchezaji wa aina hii miaka 4 baada ya kutimiza 16 ingestahili pauni 108,000. Kama ada inalipwa kwa awamu, na mgao nao huja kwa awamu.

Kuna malipo mengine, fidia ya mafunzo, lakini hayo huisha mwisho wa mwaka ambao mchezaji anatimiza 23. Kwa mtu wa miaka 28 hayapo tena. Na mchezaji akiondoka huru, mkataba ukiwa umekwisha, hakuna ada, kwa hiyo hakuna cha kugawa. Coufal alipoondoka West Ham mwaka 2025 ilikuwa hivyo.

Sasa yanayoharibika. Kubwa kuliko yote ni usajili. Akademi inamlea mtoto miaka minne lakini haijamsajili kwenye shirikisho, au yenyewe si mwanachama kupitia chama cha eneo lake. Mbele ya FIFA ni kama mtoto hakuwahi kupita hapo. Pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya klabu zote alizosajiliwa na tarehe zake, ndiyo inayolipa, si picha za pamoja wala ushuhuda wa mzazi. Tangu Novemba 2022 malipo hupitia taasisi ya FIFA iliyoko Paris, na taarifa hutoka kwenye mfumo wa kielektroniki wa mashirikisho. Kwa hiyo hakikisheni kila mtoto ana namba yake ya FIFA akifikisha 12, hata kama ni mchezaji wa ridhaa, kwa sababu miaka ya ridhaa nayo huhesabiwa. Andikeni tarehe ya kuingia na ya kutoka. Mtoto akihamia klabu nyingine, hamisheni usajili wake siku ileile. Msiuache uning'inie hadi msimu ukaisha.

Mwaka 2023 alifukuzwa timu ya taifa. Kulikoni?

Cheki walikuwa wanajiandaa kuikabili Moldova mjini Olomouc tarehe 20 Novemba 2023, mechi ya mwisho ya kufuzu Euro 2024, na sare iliwatosha. Siku moja kabla, shirikisho lilitangaza kwamba Coufal, Jakub Brabec na Jan Kuchta wameondolewa kambini kwa kwenda klabu ya usiku. Timu ilishinda 3-0 bila wao, na kocha Jaroslav Šilhavý akajiuzulu usiku uleule licha ya kufuzu. Adhabu ilikuwa sahihi. Mechi ilikuwa ya lazima na wao walikuwa watu wazima wa timu.

Hakufungiwa mlango. Ivan Hašek, aliyechukua timu, alimpeleka Euro 2024 nchini Ujerumani. Tarehe 18 Juni 2024 Leipzig dhidi ya Ureno, dakika ya 62, Coufal ndiye aliyemrudishia mpira Lukáš Provod akafunga kwa shuti la nje ya kisanduku. Ureno walishinda 2-1 dakika za majeruhi. Cheki walitoka kwenye makundi na pointi moja, ile ya sare ya 1-1 na Georgia.

Alikwenda wapi baada ya West Ham, na nikimtazama niangalie nini?

Agosti 2025 alijiunga na Hoffenheim ya Bundesliga kama mchezaji huru, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 33, na akawakuta Wacheki wenzake Robin Hranáč na Adam Hložek.

Ukimtazama, usimfuate mpira ukiwa upande wake. Mwangalie mpira ukiwa kushoto, mbali naye. Beki wa kulia wa kawaida hupumzika hapo. Coufal huingia ndani hadi usawa wa nguzo ya mbali, mabega yakiwa yameelekea nusu kwenye mpira na nusu kwa winga aliye nyuma yake, na anageuza kichwa kila sekunde mbili tatu. Krosi za wapinzani hutafuta nguzo hiyo kwa sababu mabeki wa pembeni ni wafupi kuliko mabeki wa kati. Mpira ukipaa, hamruhusu winga kukimbia na kuruka. Humgusa kwa kiwiliwili hatua moja kabla, bila mikono, na mara nyingi winga anaruka akiwa ameshapoteza mwendo. Mikono ikitumika ni penalti. Hesabu ni mara ngapi anageuza kichwa kabla krosi haijapigwa.